Nyama nzima mezani kwa wageni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya ni ya mtu mwenye wageni Jumamosi ambaye hataki kuwapa vipande vya mchuzi vya kila siku. Anataka nyama iingie mezani nzima kwenye sinia, mkwe aone, bosi aone, ndipo ikatwe. Majibu ni yangu, na kwenye mambo ya ladha una ruhusa ya kubisha. Jambo moja tu sitalilegeza: karamu ya Jumamosi inaamuliwa buchani siku ya Alhamisi. Jiko linamalizia tu kazi.

Tutakuwa watu wanane na sijawahi kupika nyama nzima. Ninunue nini?

Mapaja mawili ya mbuzi. Paja la mbuzi wetu huwa kilo moja na nusu, likizidi sana mbili na kitu, kwa hiyo moja halitoshi watu wanane. Mapaja mawili yaliyolazwa yakitazamana kwenye sinia yana heshima yake. Tena mbuzi hana ubaguzi: mezani anaweza kukaa shehe, mchungaji na mzee wa Kimeru, na wote wakanyoosha mkono. Na paja likipikwa taratibu linakusamehe. Ukilichelewesha nusu saa jikoni, hakuna atakayejua.

Na nikitaka ng'ombe?

Hapo inabidi ujue kiungo kilikuwa kinafanya kazi gani mnyama alipokuwa hai. Miguu na kifua hubeba mwili na kutembea kutwa, kwa hiyo nyama yake ina nyuzi nene na ukano mwingi. Hiyo ni nyama ya moto mdogo na saa nyingi. Mgongo haubebi mzigo mkubwa, ndiyo maana sarara (wengine buchani wanaiita salala) na fileti ni laini, na zinapenda moto mkali wa muda mfupi. Anayekosea hapa hakuna kiungo cha ladha kitakachomwokoa: fileti ya saa nne inakuwa kama kamba ya katani, na kidari cha dakika arobaini kitawavunja wageni meno.

Kwa wageni mimi huchagua kidari, yaani nyama ya kifua, kipande cha kilo tatu chenye mafuta yake juu. Sababu ni wageni wenyewe. Wengi wetu hatupendi kuona wekundu ndani ya nyama, na mkwe wako akiona tone la maji mekundu kwenye sahani atalisukuma pembeni kwa adabu na kula ndizi. Sarara ukiipika mpaka wekundu wote uishe, umeikausha. Kidari kinataka hasa hicho wanachotaka wageni, kuiva kabisa, na kikiiva kabisa ndipo kinapolainika. Ukano wake unayeyuka na kuwa ile rojo inayonata midomoni.

Kipande cha tatu, ambacho watu husahau kukiuliza, ni nundu. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu mabegani, na nyama yake imechanganyika na mafuta kiasi kwamba inajinyweshea yenyewe ikiwa jikoni. Haipatikani kila siku kwa sababu ng'ombe mmoja ana nundu moja, na mara nyingi wachoma nyama wameshaiwahi alfajiri. Mwambie wa bucha siku mbili kabla. Ikipikwa taratibu saa tatu, kisha ikapewa moto mkali mwishoni, sijui kiungo kinachoishinda.

Kwa nini nyama ya huku ni ngumu kuliko ile ninayoiona kwenye video?

Kwa sababu ng'ombe wa kwenye video amekula nafaka zizini na kuchinjwa akiwa kijana. Wa kwako amekua kwa majani, ametembea kufuata maji, akaswagwa hadi mnadani Meserani au Weruweru, na huenda amekula miaka mitano au sita. Ana ladha zaidi, hilo nalisimamia popote, ila ana mafuta kidogo ndani ya nyama na misuli iliyokomaa. Ukifuata maelekezo ya video dakika kwa dakika utataabika. Chukua viungo vyao vya ladha ukipenda, muda waachie wenyewe.

Nyama bora si ile ya leo asubuhi?

Hili ndilo swali ninalobishaniwa zaidi, basi acha nilijibu kwa kirefu.

Nyama ya leo asubuhi ni bora kwa supu, kwa maini, kwa mchemsho wa vipande vidogo. Kwa kipande kizima si bora hata kidogo. Mnyama akishachinjwa, misuli hukakamaa ndani ya saa chache na kubaki imekakamaa kwa muda. Ng'ombe aliyechinjwa usiku, akafika buchani alfajiri na kuingia sufuriani saa sita mchana, unampika akiwa katikati ya ukakamavu wake. Baadaye vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kuzilegeza nyuzi, na kazi hiyo inataka muda na baridi.

Kwa hiyo nunua Alhamisi, pika Jumamosi. Mbuzi anatosheka na siku moja hadi mbili kwenye friji. Kidari au sarara ya ng'ombe ikipata siku tatu ni nzuri zaidi. Ifute maji kwa kitambaa safi, iweke juu ya wavu au vijiti ili hewa ipite chini, kwenye rafu ya chini kabisa isije ikachuruzikia mboga. Friji iwe ya baridi kweli, nyuzi joto 4 au chini yake. Nazungumzia friji, si kuning'iniza jikoni kwa sababu Arusha kuna baridi mwezi wa saba. Umeme ukikatika saa nyingi na nyama ikapata joto, usisubiri Jumamosi. Ipike siku hiyohiyo, na kama imeshatoa harufu, itupe.

Ngozi ya juu ikikauka na kuwa na rangi iliyokolea, hiyo ni dalili njema. Itapiga rangi haraka ikikutana na moto. Na wageni huna haja ya kuwaambia kwamba nyama ni ya juzi.

Nimwambie nini mwenye bucha? Kila nikiomba kipande kizima narudi na vipande.

Mkono wa mkata nyama umeshazoea. Akishaweka paja juu ya gogo, panga linashuka lenyewe. Lazima umwahi kabla hajalishusha kwenye ndoano. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama. Kilo ngapi leo?"

"Marahaba baba. Leo sitaki kilo, nataka lile paja lote, la kushoto. Usilikate."

"Lote? Mama, sufuria gani litaingia?"

"La kwangu. Pima zima, na huo mguu wa chini uache hapohapo."

"Haya. Na goti nisivunje?"

"Usivunje. Kata tu kano kwa nyuma likunjike."

Hapo kwenye goti ndipo penyewe. Mfupa mrefu wa ugoko ndio unaolipa paja umbo lake na ndio utakaoushika wakati wa kukata mezani. Ukivunjwa kwa panga, unaacha chenga za mfupa ndani ya nyama, na chenga moja kwenye jino la mgeni inatosha kuharibu usiku. Mabucha yenye msumeno wa umeme hukata safi zaidi; kama unataka mbavu za ng'ombe nzima nzima, nenda huko.

Fika mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, wakati mapaja bado yananing'inia. Saa tano yameshageuka mchanganyiko. Na usikubali "nyongeza" ya mfupa wa shingo kwenye mizani ili kufikisha kilo ya mviringo. Sema kwa upole, lakini sema.

Nitajuaje kuwa nyama ni nzuri kabla ya kulipa?

Anza na mhuri. Nyama iliyokaguliwa na daktari wa mifugo ina mhuri wa wino juu ya ngozi ya mafuta, na wa bucha anayejiheshimu atakuonyesha bila kununa. Usichukulie hili kama urasimu. Mikoa yetu ya kaskazini imewahi kupata milipuko ya kimeta, na kimeta huwapata watu kwa kushika na kula mnyama aliyejifia. Nyama ya bei ya kutupwa inayouzwa kwenye mfuko nyuma ya nyumba ya mtu, iache huko.

Kisha macho na kidole. Mbuzi mzuri ni mwekundu wa wastani, mafuta yake meupe. Ng'ombe wa majani ana mafuta ya njano kidogo na hilo si kosa. Bonyeza: nyama nzuri inarudi, haibaki na shimo. Harufu iwe ya nyama tu. Beberu ana harufu yake kali ambayo haitoki kwa ndimu wala kwa maombi, kwa hiyo uliza kama ni jike au dume aliyehasiwa.

Nipime gramu ngapi kwa kila mtu?

Yenye mfupa, nusu kilo mbichi kwa mtu mzima. Isiyo na mfupa, gramu 300 hivi. Kama kuna pilau, ndizi na kuku pembeni, punguza robo. Kama wanakuja shemeji zako wa kiume, usipunguze.

Chumvi iingie lini?

Usiku wa kuamkia siku ya kupika. Vijiko viwili vidogo vya chai, vilivyosawazishwa, kwa kila kilo ya nyama yenye mfupa. Paka pande zote, rudisha kwenye friji bila kufunika. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje, na baada ya saa kadhaa maji hayo hurudi ndani na chumvi yake. Ukiipaka dakika kumi kabla ya moto, umeiweka juu tu, na katikati ya paja patakuwa chapwa hata mchuzi uwe mtamu namna gani.

Vipi kuhusu papai bichi?

Linafanya kazi, na ndiyo hatari yake. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachokata protini za nyama, na hakijui kuacha. Kwa mshikaki wa vipande vidogo ni sawa. Kwa kipande kizima, kinakula sentimita ya juu mpaka inakuwa uji, huku ndani pakiwa vilevile, kwa sababu hakipenyi mbali. Ukisisitiza, saga kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi kwa kilo, paka saa moja tu kabla ya kupika, kisha futa. Usilaze nayo usiku. Nanasi na tangawizi mbichi hufanya vivyo hivyo, tangawizi kwa upole zaidi.

Mimi situmii. Siku mbili za friji na saa tatu za moto mdogo zinafanya kazi hiyo bila fujo.

Viungo gani?

Vichache. Kitunguu saumu, tangawizi kidogo, pilipili manga iliyotwangwa muda huohuo, ndimu mwishoni. Arusha watu wengi wana rozimari uani na hawaitumii kwa lolote. Vunja matawi mawili uyaweke chini ya paja. Chomeka kisu kwenye nyama, tengeneza vishimo kumi na mbili hivi, na kila kimoja ukitie kipande cha kitunguu saumu chenye chumvi. Unga wa bizari wa pakiti uache kabatini. Umelipa pesa ya mbuzi, acha wageni wamwonje mbuzi.

Sina oveni. Nina jiko la mkaa na sufuria.

Basi una kila kitu. Sufuria liwe zito na mfuniko wa bapa usio na mpini wa plastiki, kwa sababu utapalia mkaa juu yake.

Washa mkaa mwingi kwanza. Tia mafuta kidogo, kausha paja kwa kitambaa, na liweke. Usiliguse. Likiwa limeshika rangi ya kahawia iliyoiva litajiachia lenyewe kwenye sufuria; geuza upande wa pili, kisha mbavuni mwake. Hii ni kama robo saa, na ndiyo hatua ambayo watu huikatisha kwa sababu ya moshi. Vumilia. Ladha ya choma inatoka hapa.

Toa paja. Punguza mkaa mpaka ubaki wa kuchemsha polepole tu. Panga vitunguu maji vilivyokatwa nusu chini ya sufuria, vikiwa kitanda cha nyama, juu yake rozimari, rudisha paja, mimina vikombe viwili vya maji ya moto au supu. Funika. Kama mfuniko unavuja mvuke, ziba kwa kamba ya unga wa ngano uliokandwa, kama wapishi wa biriani wanavyofanya. Geuza mara moja katikati, na uangalie maji yasikauke. Saa mbili na nusu hadi tatu kwa paja la kilo mbili.

Chomeka uma karibu na mfupa. Ukiingia bila ubishi, mimina mchuzi wote kwenye bakuli, rudisha paja peke yake, funika, na sasa palia makaa yanayowaka juu ya mfuniko, chini ubakize machache. Dakika ishirini. Juu patakauka na kupiga rangi kama palitoka kwenye oveni ya hoteli. Mchuzi ule engua mafuta, uchemshe upungue nusu, kamulia ndimu.

Jiko liwe nje au barazani penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na gesi yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Nina oveni. Nipe saa.

Wageni saa moja na nusu jioni, mapaja mawili ya mbuzi. Saa nane mchana yatoe kwenye friji. Saa tisa na nusu yaingie oveni ya 160°C kwenye trei lenye vikombe viwili vya maji na vitunguu, limefunikwa kwa karatasi ya foili bila kuacha upenyo. Saa kumi na mbili na nusu fungua, mwagia mchuzi juu, pandisha moto hadi 220°C, acha wazi dakika ishirini na tano. Ukiona rangi, toa. Yafunike mapaja kilegelege na uyaache yatulie nusu saa. Yakikatwa yakitoka tu motoni, maji yote yanaishia kwenye ubao.

Kidari cha kilo tatu: kaanga upande wa mafuta kwanza, kisha 150°C, kimefunikwa, saa nne hadi tano. Nundu, 150°C kwa saa tatu, kisha moto mkali. Sarara, kwa wale wenye wageni wasioogopa wekundu: ikaange pande zote, 150°C bila kufunika, na uitoe katikati yake ikifika nyuzi 57. Kwa wanaoogopa, 65, na usizidishe hapo hata wakikuomba.

Kipimajoto cha nyama ni kifaa kidogo cha kuchomeka na kinalipa gharama yake kwa sarara moja. Kichomeke katikati, mbali na mfupa. Kwa paja na kidari huna haja nacho. Hapo uma ndio mwamuzi.

Maelekezo yalisema saa mbili, yangu saa tatu bado ngumu. Jiko langu bovu?

Jiko lako zima. Unaishi juu. Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini, ambako ni chini ya mita 1,000, yanachemka kwenye 97. Nyama iliyo ndani ya sufuria lenye maji haiwezi kupita joto la maji yenyewe, kwa hiyo ukano unayeyuka polepole zaidi kuliko kwa mpishi wa Tanga au Dar es Salaam. Ongeza nusu saa kwa mbuzi, saa nzima kwa kidari, na ukipikia kwa bibi juu Marangu au Kibosho ongeza tena. Ndiyo maana maharage nayo yanakutesa.

Sufuria la presha linatatua hili, kwa sababu mvuke ukibanwa joto linapanda. Shida ni kwamba paja zima halienei kwenye mengi ya hayo masufuria. Kidari kilichokatwa vipande viwili kinaenea: saa moja na robo, kisha kikapigwe rangi kwenye oveni au chini ya mkaa.

Wageni wakichelewa?

Watachelewa. Ndiyo faida nyingine ya nyama ya taratibu. Ukishamaliza ile hatua ya kufunika, paja linaweza kukaa kwenye oveni iliyozimwa, limefunikwa, saa nzima bila madhara. Ile hatua ya rangi ya dakika ishirini na tano ianze pale geti linapogongwa. Sarara haina subira hiyo. Kama unawajua wageni wako ni wa "niko hapa Sakina" huku wakiwa bado wanaoga, usiwapikie sarara.

Nani akate, na akate vipi?

Kisu kirefu chenye makali, na koleo au kitambaa cha kushikia ugoko. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha ukate kuzikatiza, si kuzifuata. Nyuzi fupi zinatafunika hata kwa babu. Kidari kina nyuzi ndefu zinazoonekana wazi, na ukikikata kwa kuzifuata umefuta kazi ya saa tano.

Kuhusu nani akate: kwenye familia nyingi za Kichagga mgawanyo wa nyama si jambo la kila mtu kujichukulia. Viungo vina wenyewe, kwa umri na kwa undugu, na taratibu hutofautiana kati ya Machame, Marangu na Rombo. Kama wageni ni wakwe, muulize mtu mzima wa upande wako kabla ya siku yenyewe. Ukiwa na shaka, mkabidhi mzee kisu na umwombe aanze. Hakuna atakayekataa heshima hiyo.

Iliwe na nini?

Ndizi. Mzuzu za kuchoma au kukaanga, au ndizi za kupika zilizochemshwa ndani ya ule mchuzi wa paja. Kachumbari yenye ndimu nyingi ya kukata mafuta, pilipili pembeni. Viazi vya kuoka kama watoto wapo. Kama umepika kondoo, pasha sahani joto kwa maji ya moto kwanza, kwa kuwa mafuta ya kondoo huganda haraka na kunata kwenye kaakaa, hasa mwezi wa sita na wa saba.

Wageni ni Waislamu na mimi si Mwislamu.

Uliza buchani nani amechinja. Mabucha mengi ya mjini nyama yake imechinjwa na Mwislamu na watakuambia. Waambie wageni umenunua wapi kabla hawajauliza. Usitumie sufuria wala ubao uliowahi kupikiwa kitimoto, na mchuzi usitie divai.

Na kitimoto kwa wageni wanaokula?

Mguu wa nyuma wenye ngozi, mzuri sana. Chanja ngozi kwa wembe mpya, sugua chumvi, 160°C kwa saa tatu bila kufunika, kisha moto mkali mpaka ngozi ivimbe na kulia kwa kisu. Upikwe uive mpaka kwenye mfupa, bila mjadala, kwa sababu ya minyoo ya tegu.

Nichome mbuzi mzima, yaani ndafu?

Kwa chakula cha jioni cha watu wanane, hapana. Ndafu ni ya harusi na kipaimara, ana fundi wake, na anataka uwanja, kuni na mtu wa kukaa naye tangu asubuhi. Chini ya watu ishirini na tano utakula mabaki wiki nzima.

Desemba je?

Oda wiki moja kabla. Krismasi ikikaribia nusu ya Dar es Salaam iko njiani kurudi Moshi, kila ua una mbuzi, na mapaja mazima yanaisha kabla jua halijachomoza. Kama una friza, nunua mapema Desemba na ugandishe, kisha uiyeyushe ndani ya friji, si kwenye beseni la maji ya moto. Paja moja linahitaji siku nzima kuyeyuka.

Mabaki nifanyeje?

Yaingie friji ndani ya saa mbili baada ya chakula. Nyama kesho yake ikatwe nyembamba, ipigwe makange na hoho na nyanya. Mifupa ya paja usiitupe kabisa: ichemshe asubuhi na ule mchuzi uliobaki, kitunguu na pilipili manga, na wageni waliolala kwako watasahau kwamba walitaka kuondoka mapema.

Siwezi yote haya. Naweza kununua nyama iliyochomwa Kwa Mrombo, kule kwa wachoma nyama wa Arusha, nikaipanga kwenye sinia langu?

Unaweza. Agiza mguu mzima, mwambie mchomaji asikate, autoe ukiwa umebakiza kidogo kuiva. Ufunge kwa foili, na ukifika nyumbani uumalizie kwenye oveni ya 200°C dakika kumi na tano ili ufike mezani wa moto. Kachumbari tengeneza mwenyewe. Na mtu akiuliza umepikaje, mwambie umeagiza, kwa sababu mkazi yeyote wa Arusha ataijua nyama ya Kwa Mrombo kwa harufu tu.